Neva za Hisia Hupataje Kazi Zake na Huzilindaje: Mwongozo Kamili wa Kujipimia Nyumbani Mombasa

Ukitafuna pilipili mbuzi mdomo huungua, na hali kipimajoto kikiwekwa ulimini hakipandi hata kidogo. Ukimung'unya peremende pumzi huwa baridi, na hali hakuna kilichopoa. Neva iliyoamshwa na pilipili ni neva ya moto, na neva ya moto ina habari moja tu ya kupeleka, hata ikiamshwa na nini. Hapa nitakuonyesha namna ya kuzitafuta neva hizo kwenye mkono wako kwa msumari, barafu na vitu vya kununua Kongowea au Marikiti. Njiani nitaeleza zilipewa kazi hizo lini, zinazilindaje, na kwa nini habari hii inamhusu zaidi aliye na mgonjwa wa sukari nyumbani.

Kwamba hisia hutegemea neva iliyoguswa kuliko kitu kilichoigusa, aliliandika Mjerumani Johannes Müller mapema katika karne ya 19, ingawa hakuwa na njia ya kulionyesha kwenye ngozi. Njia hiyo ilitoka Uppsala, Sweden, katika miaka ya 1880, alipoipata Magnus Blix. Ni rahisi kiasi kwamba utaifanya jioni moja ukiwa umekaa kibarazani.

Kwanza, hali ya hewa yetu

Maelezo mengi ya jaribio hili yaliandikiwa nchi za baridi. Yanakwambia uchukue msumari ulio mezani ugusishe ngozi. Mezani kule ni nyuzi 20 hivi, na ngozi ya binadamu ni nyuzi 32 au 33, basi msumari wa kawaida tayari ni baridi. Mombasa wakati wa kaskazi, mwezi wa pili saa nane mchana, msumari wa mezani una joto karibu sawa na la ngozi yako. Utagusa sehemu mia, usihisi baridi hata moja, kisha useme kitabu kimekudanganya. Kwa hiyo tumia barafu kila mara, na ufanye alfajiri au usiku, au ungoje kusi. Zima pangaboi robo saa kabla ya kuanza na ufute jasho, kwa sababu ngozi yenye majimaji ikipigwa na upepo hupoa yenyewe na kuchafua majibu yote.

Vitu vya kutafuta: misumari miwili ya inchi nne iliyosuguliwa kwenye saruji mpaka ncha iwe butu, bakuli la maji ya barafu, chupa ya chai yenye maji ya moto, kalamu ya wino, rula, daftari la hesabu la visanduku, klipu ya karatasi, kipande cha pilipili, peremende kali na gilasi ya maziwa. Na mtu wa pili. Peke yako hutaweza, maana mkono unaoshika msumari huuambia ubongo mapema nini kinakuja.

Hatua ya 1: Chora ramani ya baridi

Upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko ambako nywele ni chache, chora mraba wa sentimita 2 kwa 2. Ugawe kwa mistari ya milimita 2 upate visanduku 100. Chora mraba kama huo kwenye daftari, mkubwa zaidi ili uandikike.

Anayepimwa afumbe macho. Mwenzake atoe msumari kwenye barafu, aupanguse haraka, aguse kisanduku kimoja bila kukandamiza kwa muda wa kutamka "moja", kisha auinue. Majibu ni mawili tu: "baridi" au "mguso". Kila baada ya kugusa mara nne au tano abadilishe msumari, kwani kwa joto letu unapoteza baridi upesi. Asifuate mstari, aruke huku na kule. Na mara mojamoja atumie msumari aliokuwa ameufumbata kiganjani, wenye joto la mwili, aone kama anayepimwa anasema "baridi" kwa mazoea. Akisema hivyo mara nyingi, vunja jaribio mpumzike.

Utakachokipata ni hiki: visanduku vingi vinatoa mguso mtupu. Vichache vinatoa baridi ya ghafla, kali, kana kwamba tone la barafu limekuangukia. Hapo ndipo uzi wa neva ya baridi unapoishia. Rudia kesho yake mahali palepale (wino usioshwe). Sehemu zilizokuwa kali jana kwa kawaida ni kali leo pia. Zilizokuwa na shaka zitahama kidogo, na hilo lisikutie wasiwasi, maana ncha ya msumari ni pana kuliko sehemu unayoitafuta.

Sasa joto. Changanya kikombe kimoja cha maji yaliyochemka sasa hivi na vikombe vitatu vya maji ya bomba, utapata karibu nyuzi 46. Usichukue maji ya tangi la juu ya dari saa za jua. Hayo yenyewe yanatosha kuoga mgonjwa. Chovya msumari, panguse, gusa vilevile. Sehemu za joto ni chache mno kuliko za baridi, na hisia yake huja polepole, bila makali. Wengi hukata tamaa hapa. Usikate, kwa sababu jambo zuri zaidi bado.

Chukua zile sehemu tatu au nne zilizotoa baridi kali kuliko zote, uziguse kwa msumari wa moto. Baadhi zitasema "baridi". Ndiyo, msumari wa moto, jibu la baridi. Max von Frey alilieleza jambo hili Ujerumani katika miaka ya 1890. Joto la kiasi hicho linaweza kuiamsha neva ya baridi, na neva ya baridi haina neno jingine la kusema. Halitokei kwa kila mtu wala kwa kila sehemu, lakini likitokea mara moja hutahitaji kusomewa Müller tena.

Hatua ya 2: Rudi nyuma mpaka tumboni mwa mama

Hapa weka msumari chini, kwa kuwa bila sehemu hii mengine yatakuwa mchezo tu.

Neva uliyoigusa mkononi haikai mkononi. Kiini chake kiko karibu na uti wa mgongo, kwenye kifundo kidogo cha neva. Vifundo hivyo vimepangwa jozi kwa jozi kandokando ya uti, na kutoka hapo kila seli inatuma uzi mmoja kwenye ngozi au msuli na mwingine ndani ya uti. Ya kidole gumba cha mguu ina uzi unaokaribia mita moja kwa mtu mzima. Ndani ya kifundo kimoja zimekaa bega kwa bega seli za maumivu, za baridi, za kuwashwa, za mguso mwepesi na zile zinazojua mkono wako uko wapi gizani.

Zote zina jeni zilezile. Tofauti ni jeni zipi zimewashwa.

Katika wiki ya nne ya mimba, bomba la neva litakalokuwa ubongo na uti linajifunga mgongoni mwa kiinitete. Seli za ukingoni mwake huchomoka na kusafiri. Nyingine huenda kuwa seli zinazoipa ngozi rangi yake, nyingine hujenga sehemu ya mifupa ya uso, na nyingine husimama kando ya uti ziwe neva za hisia. Weusi wa ngozi yako na uchungu wa pilipili vina asili moja, jambo ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Utaratibu unaofuata umechunguzwa zaidi kwa panya. Seli huzaliwa kwa mawimbi mawili. Wimbi la kwanza huongozwa na protini iitwayo Neurogenin 2, na hutoa hasa seli kubwa za mguso na za kujua viungo viko wapi. La pili huongozwa na Neurogenin 1 na hutoa seli nyingi ndogo za maumivu na joto. Kisha protini mbili nyingine, Brn3a na Islet1, huwaka karibu katika seli zote na kuzipa utambulisho wa jumla wa neva ya hisia. Protini za aina hii kazi yake ni kukaa juu ya jeni na kuamrisha ipi isomwe na ipi inyamaze.

Ungedhani baada ya hapo kila seli huongezewa amri mpaka ifikie kazi yake. Mwaka 2020 maabara ya David Ginty, Chuo Kikuu cha Harvard, ilionyesha kinyume chake kwa panya. Seli changa hubeba kwa pamoja amri za aina nyingi ambazo baadaye hazitakutana tena ndani ya seli moja. Kukua kwake ni kuzima: kila seli hubakiza amri chache na kuziacha nyingine.

Kinachoifanya izime hizi na kubakiza zile ni, kwa sehemu, mahali uzi wake unapofika. Ngozi na misuli hutoa protini za kulisha neva. Ya kwanza kujulikana, NGF, iligunduliwa na Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Italia aliyefukuzwa chuoni kwa sheria za ubaguzi za Mussolini, akaendelea kuchunguza viinitete vya kuku chumbani kwake wakati wa vita. Baadaye, huko Marekani, aliitafiti pamoja na Stanley Cohen, na mwaka 1986 wakapata Tuzo ya Nobel. Seli changa za maumivu na joto huipokea NGF kwa kipokezi TrkA. Neva zinazohudumia misuli hutumia kipokezi kingine, TrkC, kupokea protini nyingine, NT-3. Seli inayokosa chakula chake katika wakati huo hufa, na nyingi hufa. Ndani ya seli zinazobaki, protini ya kuamrisha jeni iitwayo Runx1 husimamia upande wa maumivu, na mwenzake Runx3 upande wa misuli.

Ushahidi kwa binadamu upo, na ni wa kusikitisha. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walionyesha kwamba watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya TrkA hawahisi maumivu kabisa, na hawatoki jasho. Hung'ata ndimi zao, huvunjika mifupa wakaendelea kutembea. Fikiria mtoto asiyetoka jasho katika joto la kwetu.

Hatua ya 3: Pilipili, peremende na chai iliyopoa

Tengeneza chai iache ipoe mpaka iwe ya kunyweka bila shida. Piga funda moja, ukumbuke joto lake. Tafuna kipande cha pilipili kisichozidi punje ya mchele kwa nusu dakika, kisha piga funda la chai ileile. Itakuunguza.

Chai haijabadilika. Kwenye ncha za neva za moto kuna protini iitwayo TRPV1, mlango unaofunguka joto linapofikia nyuzi 43 hivi. Kapsaisini, kile kiini cha ukali wa pilipili, huufanya ufunguke kwa joto la chini zaidi, hata la mdomo wako mwenyewe. David Julius na wenzake wa San Francisco waliupata mlango huo mwaka 1997. Asidi na uvimbe pia huulegeza, ndiyo maana aliyebabuka kwa jua la Bamburi hulia akioga maji ya vuguvugu.

Usitulize moto huo kwa maji. Kapsaisini haiyeyuki humo, utaisambaza tu. Maziwa ndiyo dawa. Nawa mikono kwa mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni, kabla hujagusa jicho. Jaribio hili si la mtoto mdogo wala mwenye pumu au vidonda vya tumbo.

Ngoja nusu saa. Sasa mung'unya peremende mpaka iishe, kisha kunywa maji ya bomba yasiyo ya friji. Yatakuwa kama yametoka barafuni. Mentholi, kile kiini cha ubaridi wa peremende, hukaa kwenye mlango mwingine, TRPM8, ambao kwa kawaida hufunguka joto likishuka chini ya nyuzi 26 au zaidi kidogo, na huufanya ufunguke kwenye vuguvugu. Ulipatikana mwaka 2002 na maabara mbili kila moja kivyake, ya Julius na ya Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut. Wawili hao waligawana Nobel ya mwaka 2021.

Mombasa ina maabara nyingine jikoni. Mdalasini na kitunguu saumu kibichi huamsha TRPA1, mlango wa vitu vinavyochoma na kuwasha. Karafuu huchoma kwanza halafu hutia ganzi, kwa hiyo mabibi waliobana karafuu kwenye jino bovu walijua wanachofanya. Na kama umewahi kujiuliza kwa nini kuku hudonoa pilipili bila kujali: TRPV1 ya ndege huamka kwa moto lakini kapsaisini haiitikii. Ndege hula tunda na kuitupa mbegu mbali ikiwa nzima; mnyama mwenye magego angeisaga.

Hatua ya 4: Majaribio matatu mafupi

Nyosha klipu iwe na ncha mbili. Ziguse kwa pamoja kwenye ncha ya kidole, ukizisogeza karibu mpaka mwenzako aseme ni moja. Kidoleni atazitofautisha hata zikiwa milimita 2 au 3. Mkononi karibu na kiwiko huenda zikahitaji sentimita 3 hadi 4. Ernst Weber wa Leipzig alipima hivi mwaka 1834.

Weka simu mezani itetemeke, gusa ukingo wa mbali wa meza kwa kidole. Unachokihisi kimepokewa na vifuko vya Pacini vilivyo ndani ya ngozi, ambavyo husikia vizuri zaidi mitetemo ya kama 200 kwa sekunde na hupuuza mkandamizo uliotulia.

Mwisho, fumba macho; mwenzako aukunje mkono wako wa kushoto apendavyo, nawe uige kwa wa kulia. Kazi hiyo hutegemea PIEZO2, protini nyingine kutoka maabara ya Patapoutian, ya mwaka 2010. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walieleza wagonjwa wawili waliozaliwa bila PIEZO2 inayofanya kazi. Walipofungwa macho hawakuweza kutembea, na bado walihisi joto na maumivu.

Hatua ya 5: Elewa kwamba kazi hii hulindwa kila siku

Neva za ngozi hazizaliwi upya. Ulizonazo ni zilezile za utotoni, wakati protini ndani yake huchakaa na kutengenezwa upya mara kwa mara. Basi nani anakumbuka kwamba hii ni ya baridi?

Jibu bora limetoka kwa mnyoo wa milimita moja, *C. elegans*, aliyeingizwa maabarani na Sydney Brenner wa Afrika Kusini. Mnyoo huyo ana neva 302, na sita kati yake ni za mguso mwepesi. Martin Chalfie na wengine waligundua kwamba protini mbili, UNC-86 na MEC-3, zikikutana huwasha jeni zote za mguso, na pia huiwasha jeni ya MEC-3 yenyewe. Amri inajiagiza upya. Kwenye neva za kuonja chumvi za mnyoo huyohuyo kazi hiyo hufanywa na CHE-1; ukiiondoa mnyoo akiwa mzima, seli haifi, ila huanza kusahau ni ya nini. Utambulisho wa neva ni jiko la makaa: lisipopepewa linazima.

Hata kwa mamalia kama sisi utambulisho huo unaweza kufifia. Kwa panya, neva ikikatwa, seli huzima jeni nyingi za aina yake katika siku chache na kuingia hali ya ukarabati. Uzi ukiota na kufika ngozini, jeni zile hurudi. Hivyo ilionekana mwaka 2020. Lakini daktari Henry Head wa London alikuwa ameyapitia kwa ngozi yake mwenyewe: Aprili 1903 alikubali kukatwa neva ya mkono wa kushoto, kisha yeye na mwenzake W. H. R. Rivers wakapima hisia zikirudi kwa miaka kadhaa.

Uzi hukua kama milimita 1 kwa siku. Ukikatwa na panga karibu na kiwiko, kidole kiko sentimita 40 mbali: zaidi ya mwaka. Ukiwa na jeraha lililopona na ganzi pembeni yake, chora mpaka wa ganzi kwa kalamu, upige picha, urudie kila mwezi kwa msumari wa barafu na ncha ya kitambaa. Mpaka ukisogea, subira. Usiposogea kabisa kwa miezi mitatu, rudi kwa daktari na zile picha.

Hatua ya 6: Miguu ya mwenye sukari

Kisukari huumiza neva ndefu kwanza, kwa hiyo ganzi huanzia vidoleni. Mwenye ganzi hukanyaga msumari, au uwanja wa msikiti saa sita mchana, na hajui mpaka kidonda kinuke. Usimpime kwa maji ya moto wala kwa msumari wa barafu. Kuna kipimo kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, kisichohitaji kifaa chochote.

Mlaze au mkalishe, miguu wazi. Mweleze kabla, kwa adabu:

"Shikamoo bibi. Nataka kukugusa vidole vya miguu. Fumba macho, ukihisi uniambie kulia au kushoto."

"Marahaba mjukuu wangu. Usinitekenye tu."

Gusa kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, sekunde moja au mbili: kidole gumba na cha mwisho cha mguu wa kulia, kisha viwili kama hivyo vya kushoto, halafu cha kati cha kulia na cha kati cha kushoto. Usikandamize, usisugue, na ukikosa jibu usirudie kidole hicho. Jumla ni vidole sita. Akikosa viwili au zaidi, hisia zimepungua. Mpeleke kliniki ya sukari wampime kwa uzi maalumu wa gramu 10, na usingoje kidonda.

Hali hiyohiyo ya kutosikia moto ikiwa kwenye baka la ngozi lililopauka au kuwa jekundu, kwa mtu yeyote, ni ya kupelekwa hospitali haraka, maana huenda ni ukoma. Dawa zake zipo, na tangu mwaka 1995 hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani.

Kwa bibi asiye na hisia kamili: akague nyayo kila usiku kwa kioo au akaguliwe, atikise kiatu kabla ya kuvaa, asitembee peku hata sebuleni, na maji ya kuoga yapimwe na mtu mwingine kwa kiwiko.